Kompyuta ya Mifumo Miwili

Saa saba na nusu mchana simu ya mkuu wa kituo ilimkuta Sajenti akipanda ngazi za kwenda ghorofa ya tatu, magoti yakimlalamikia, na mkuu hakusalimia. Mkuu asiposalimia, ujue kuna mtu amekaa mbele ya meza yake anamtolea macho.

"Umefika wapi na ile kesi ya mchezo wa kompyuta?"

"Bado nahoji, mkuu."

"Unahoji tangu asubuhi. Mwenye kampuni ameshapiga simu mara tatu. Saa kumi nataka huyo binti awe hapa kituoni. Kesho mapumziko, halafu mwisho wa wiki, mahakama haifunguliwi mpaka Jumatatu."

"Basi atalala ndani siku nne, mkuu."

"Ndiyo maana nakwambia, kama una la kumsaidia, lilete kabla ya saa kumi."

Simu ikakatwa. Sajenti alitoa daftari lake dogo, akatazama saa ya mkononi, akaandika: saa saba na dakika thelathini na mbili, simu ya mkuu. Hii tabia aliitoa chuoni, miaka ishirini na mbili iliyopita. Kila hatua na saa yake, na saa yenyewe iwe ya mkononi mwako, si ya ukutani kwa watu. Wenzake kituoni walimcheka kwa hilo mpaka wakachoka.

Kwenye kona ya ngazi alikuwa amekaa mama mmoja mwenye miwani myeusi ya kukinga jua, mfuko mkubwa mapajani. Alikuwa pale tangu asubuhi. Ni mama yake binti aliyekuwa anatuhumiwa, na pia ni dada mkubwa wa mwenye kampuni. Kwa maneno mengine, aliyemshtaki mwanawe alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

"Mwanangu, bado tu?"

"Bado, mama."

"Nimemwekea sweta. Na mswaki, na sabuni. Nasikia mahabusu kuna baridi hata mchana."

"Mama, hatujafika huko."

"Na Jumatano mchana alikuwa na mimi kliniki ya macho. Nilishakwambia."

"Uliniambia, mama, na nimeandika. Lakini faili la mchezo lilichezewa asubuhi, saa nne. Mchana hautusaidii." Sajenti alilisema hilo kwa upole, lakini alilisema, na mama akakumbatia mfuko wake.

Kampuni yenyewe ilikuwa vyumba vinne na korido, juu ya duka la rangi za nyumba, na harufu ya rangi ilikuwa imepanda mpaka kwenye mapazia. Watu kumi na mmoja walitengeneza humo mchezo wa mashindano ya malori. Mwenye kampuni wote walimwita Mjomba, kwa sababu mpwa wake alimwita hivyo siku ya kwanza na jina likaganda. Mpwa naye walimwita Pengwini, kwa ajili ya yule ndege mnene aliye alama ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, maana Linux ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Mjomba alimsubiri Sajenti mlangoni, shati limeshikana na mgongo kwa jasho.

"Afande, karatasi nimekupa, mashahidi nimekupa. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta nisije nikarudi kukuomba radhi."

"Ni mtoto wa dada yangu. Nimemlea mimi. Unadhani nalala? Lakini asije mtu akasema nimemfichia uovu kwa kuwa ni damu yangu. Wafanyakazi wangu wananitazama."

Karatasi aliyosema ilikuwa kwenye mfuko wa Sajenti. Mjomba mwenyewe aliichapa kutoka kompyuta ya chumba cha majaribio. Ilionyesha jina la faili moja, lile lenye orodha ya wachezaji wa kufungiwa, na kwamba mara ya mwisho lilibadilishwa Jumatano ya wiki iliyopita, saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa hiyo kampuni nzima ilikuwa kwenye mkutano ghorofa ya chini, kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Kampuni nzima isipokuwa Pengwini, aliyeambiwa abaki ajibu barua za wachezaji. Ufunguo wa chumba cha majaribio alikuwa nao yeye.

Binti alikuwa amefungiwa kwenye stoo ya makaratasi, kwenye kiti cha plastiki, simu yake imechukuliwa. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na kucha zake zote kumi alikuwa amezitafuna.

"Nieleze tena," alisema Sajenti, akivuta ndoo ya rangi iliyogeuzwa na kuikalia. "Taratibu. Mimi mchezo wa kompyuta naujua kama kitu kinachomfanya mtu mzima asisikie akiitwa kula."

Pengwini alijaribu kutabasamu, hakuweza. "Mchezo wetu umeandikwa kwa ajili ya Windows, afande. Sasa kuna watu kompyuta zao ni za Linux. Mchezo ukiwashwa kule, unaomba vitu kwa lugha ya Windows, na kompyuta haielewi. Katikati kuna programu inayotafsiri. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna kinachopotea njiani."

"Kama mkalimani wa mahakamani."

"Hivyohivyo. Na mkalimani akikosea neno, anayefungwa ni mshtakiwa."

Sajenti alishawahi kuona hilo kwa macho yake. "Na huyu mlinzi mnayemsema?"

"Ndani ya mchezo kuna programu inayokamata wanaodanganya ili washinde. Tunaiita mlinzi. Mlinzi akimwona mkalimani, anadhani ni mwizi, mpaka wenye mchezo wampe ruhusa ya kupita. Nilihangaika miezi minane kupata ile ruhusa. Ijumaa toleo jipya likatoka, mlinzi akawafukuza wachezaji wote wa Linux. Watu elfu nne. Wamefungiwa maisha, kwa kosa la udanganyifu."

"Na mwezi uliopita, kikaoni, ulisema bora uuzime mwenyewe mchezo wa Linux kuliko kuzimiwa. Watu saba walikusikia."

"Nilisema kwa hasira. Mjomba alitaka tuwaache watu wa Linux. Anasema ni wanne katika mia na wanakula nusu ya muda wetu." Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Afande, wengi wao nawajua. Kuna mmoja, dereva wa lori wa kweli, ananiandikia kila Jumatatu kuhusu sauti ya injini. Nimfungie huyo maisha ili iweje?"

Swali zuri, ila hakimu haachii mtu kwa swali zuri. Sajenti alitazama saa yake. Ilikuwa imebaki saa mbili na robo, na mkononi hakuwa na kitu.

Alikwenda chumba cha majaribio. Kilikuwa chumba chembamba chenye meza moja ndefu, na kompyuta ya faili lile ilikaa mwisho wa meza, peke yake, haina hata waya wa mtandao. Mjaribu wa kampuni ndiye aliyemfungulia. Kazi yake ilikuwa kucheza mchezo kutwa nzima akitafuta makosa. Walimwita Miwani, kwa vioo vyake vinene, na kila mtu alimsifu kwa adabu.

"Mbona hii haina mtandao?"

"Kwa usalama, afande. Toleo ambalo halijatoka lisivuje. Kutoa kitu humu lazima utumie flashi."

"Na nani anaitumia?"

"Mimi na Pengwini. Ina mifumo miwili ndani. Ukiiwasha inakuuliza, unataka Linux au Windows. Yeye upande wake, mimi upande wangu."

"Jina la kuingilia?"

"Upande wa Windows ni moja tu, kila mtu anatumia hilohilo."

"Iwashe. Nionyeshe faili lilipo."

Miwani aliwasha. Kioo kikaleta machaguo mawili, akachagua Windows. Sajenti, kama ilivyo tabia yake, alitazama mkono na kuandika: saa nane kasoro dakika nane, kompyuta imewashwa. Halafu aliinamia kioo ili asome jina la faili, na jicho likaangukia pembeni, chini, pale kompyuta inapoandika saa.

Palisema saa tano kasoro dakika nane.

Alisoma mara mbili. Akasogeza saa ya mkononi karibu na kioo.

"Hii saa ina nini?"

Miwani alivua miwani yake, akaanza kuifuta kwa pindo la shati. "Betri, afande. Ile ndogo ya ndani. Imechoka."

"Tangu lini?"

"Leo. Juzi. Sina hakika."

Sajenti aliandika: betri, leo au juzi, hana hakika. Lakini nyumbani kwake, juu ya jokofu, kulikuwa na saa ya betri ambayo hakuwa na nafasi ya kuibadilishia, na saa ile ilichelewa ovyoovyo, leo dakika tano, kesho ishirini, keshokutwa imesimama. Hii hapa ilikuwa nyuma saa tatu na wala haikukosea dakika. Betri iliyochoka haina nidhamu ya namna hiyo.

Alirudi stoo kwa hatua za kawaida, hakutaka binti ajue kwamba ameona kitu.

"Ile kompyuta ya majaribio, saa yake huwa sahihi?"

"Sahihi kabisa. Naitazama kila siku."

Hapo Sajenti alifungua daftari tena. Mmoja anasema sahihi, mwingine anasema mbovu, na kwa uzoefu wake anayetuhumiwa ndiye anayedanganya upesi. "Nimetoka kuiona sasa hivi. Iko nyuma."

"Nyuma kiasi gani?"

"Saa tatu."

"Saa tatu kamili?"

"Kamili."

Pengwini alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Aliiwasha upande gani? Afande, upande gani?"

"Windows."

"Mimi Windows siiwashi pale. Sijawahi." Alikuwa anaongea haraka mpaka maneno yanagongana. "Ndani ya kompyuta kuna saa moja tu, na mifumo miwili inaisoma. Linux inaiweka kwa saa ya dunia, ile ya kimataifa, halafu inajua kujumlisha saa tatu za kwetu inapoonyesha kwenye kioo. Windows ikija inaikuta saa ya dunia, inadhani ndiyo saa ya hapa, inaionyesha vilevile ilivyo. Kompyuta ikiwa na mtandao inajirekebisha. Ile haina mtandao." Alishika kichwa. "Linux pale niliiweka mimi, miezi mitatu iliyopita. Kuna mstari mmoja tu wa kuandika ili zisigombane. Nilisema nitauandika kesho yake."

"Hukuuandika."

"Nilisahau, afande. Na ile karatasi sikuonyeshwa. Niliambiwa Jumatano saa nne basi, hakuna aliyeniambia wamesoma kwenye kompyuta ipi wala upande gani."

"Na betri ikichoka inakuwaje?"

"Inarudi miaka ya nyuma huko, au inakuuliza tarehe. Haikosei saa tatu kamili."

Maneno ya mtuhumiwa ni maneno ya mtuhumiwa. Sajenti alimchukua mpaka chumba cha majaribio, akamsimamisha ukutani mikono nyuma, akamwita Mjomba awe shahidi, na Miwani akaambiwa asitoke. Kompyuta aliizima na kuiwasha mwenyewe, kwa kidole chake.

Kwanza Linux. Mkononi saa nane na dakika kumi na nne, kwenye kioo saa nane na dakika kumi na nne.

Akaizima, akawasha Windows. Mkononi saa nane na dakika kumi na nane. Kwenye kioo, saa tano na dakika kumi na nane.

Akarudia mara ya pili, ikaja vilevile. Mjomba alikuwa anatazama kama mtu aliyeletewa barua asiyotaka kuifungua.

"Sielewi, afande," alisema.

"Ile karatasi yako inasema saa nne na dakika kumi asubuhi. Jumlisha saa tatu."

Mjomba alihesabu kwa vidole kweli, mtu mzima yule. "Saa saba na dakika kumi. Mchana."

"Mchana nilikuwa kliniki na mama," Pengwini alisema pale ukutani. Alikuwa analia wazi sasa, hajifichi.

Sajenti alishuka ngazi mbilimbili, magoti yasubiri. Alipompita mama kwenye kona alinyoosha mkono. "Mama, ile kadi ya kliniki unayo?"

Mama alipekua mfuko, akaitoa chini ya sweta. Muhuri ulikuwa wa Jumatano ya wiki iliyopita, na muuguzi alikuwa ameandika kwa kalamu: amefika saa saba kasoro robo, ameondoka saa nane na nusu. Chini yake, jina la aliyemsindikiza, bintiye, na sahihi yake.

Chini kabisa, mlinzi wa jengo, mlinzi wa kweli mwenye rungu, alikuwa na daftari lake la funguo. Asubuhi Sajenti aliupiga picha ukurasa wa Jumatano, lakini macho yake yaliishia saa sita, kwa sababu karatasi ya Mjomba ilimwambia atazame asubuhi. Alijilaumu kimoyomoyo na kufungua upya. Saa tatu, Pengwini amechukua ufunguo. Saa sita, amerudisha. Saa saba kasoro dakika kumi, ufunguo umechukuliwa. Saa nane kasoro dakika ishirini, umerudishwa. Jina: Miwani.

"Wewe ndiye umeandika hizi saa?"

"Mimi, afande. Kwa saa hii hapa." Alionyesha mkono. Walilinganisha saa zao. Ya mlinzi ilikuwa mbele dakika moja.

Saa tisa na nusu wote walikuwa ofisini kwa Mjomba. Sajenti aliweka mezani vitu vitatu, karatasi, daftari la funguo na kadi ya kliniki, halafu akafungua maelezo ya Miwani, yale aliyoyatia sahihi asubuhi.

"Hapa umesema Jumatano saa sita na nusu ulitoka kula na wenzako, ukarudi saa nane."

"Ndiyo."

"Ufunguo ulichukuliwa na nani, basi? Jina lililoandikwa ni lako."

"Nilipitia kidogo tu."

"Dakika hamsini."

Mlango ulikuwa wazi nusu, na mama alikuwa amesogea mpaka pale na mfuko wake. Hakuna aliyemfukuza.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa najaribu." Alivua miwani, safari hii hakuifuta, aliishika tu. "Nilitaka kuona mchezaji akifungiwa anaandikiwa ujumbe gani. Nikawaweka watu wa Linux wote kwenye orodha ya wadanganyifu, kwa muda tu, nitazame halafu niwatoe. Wakaniita chini, nikatoka. Nikasahau kuwatoa. Alhamisi toleo likachukuliwa kwa flashi pamoja na lile faili."

"Na Ijumaa ukajua."

"Ijumaa nilijua palepale."

"Na saa ya ile kompyuta?"

"Kila siku naiona iko nyuma. Nimezoea, siitazami." Alisita. "Karatasi ilipotoka ikasema saa nne, nikaelewa kwa nini."

"Leo hii ukaniambia betri."

Miwani aliigeuzageuza miwani mikononi.

"Hukusema neno moja," Mjomba alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wiki nzima unamwona anahojiwa, unakunywa naye chai, hukusema neno moja."

Miwani alimtazama, na kwa mara ya kwanza adabu yake ilipungua. "Mjomba, mimi nilijua ni mtoto wa dada yako. Nikasema haya ni ya familia, watayamaliza nyumbani, yeye hatafanywa chochote. Mimi ningesema, nani angenimalizia mimi? Sikujua kwamba utamwita polisi."

Mjomba aligeuka kumtafuta mpwa wake, lakini Pengwini alikuwa anatazama dirishani na hakugeuka.

"Kosa la faili ni lenu humu ndani," alisema Sajenti. "Maelezo ya uongo kwa polisi ni langu. Vaa miwani yako, twende."

Saa kumi kasoro robo, aliandika. Simu ya mkuu ilitetemeka mfukoni, akaiacha itetemeke. Alimshika Miwani kiwiko, wakafika mlangoni, na pale mama alikuwa amesimama katikati, hapitiki.

Mjomba aliinuka haraka, akanyoosha mikono kumpokea dada yake mzigo. Mama alimpita kama kiti. Alisimama mbele ya Miwani, akavipanga vizuri ndani ya mfuko vitu alivyomwandalia mwanawe, sweta juu, sabuni pembeni, akafunga mkanda.

"Shika," alimwambia. "Sweta ni ya kike lakini ni kubwa, itakutosha. Mpaka Jumatatu ni mbali."

Miwani hakunyoosha mkono. Mama akamtundikia mfuko begani mwenyewe, akauweka sawa usimwanguke, ndipo akamgeukia mwanawe na kumwambia avae viatu waende nyumbani.